Tundu la Sindano

Kimatira hana meno, usimdhanie.
Ana sindano tu, ameikunja chini ya kidevu.
Nilimkuta alfajiri, Uru, kihambani kwetu,
amekaa juu ya tunda bichi la kahawa,
mgongo umepambwa madoa ya chungwa na nyeupe
kuliko kitenge cha mama wa bwana harusi.
Hakuruka. Alizunguka upande wa pili wa tunda
kama mdaiwa anayejibanza nyuma ya nguzo.

Tunda lenyewe, ukilitazama, zima.
Kijani, gumu, lina umande.
Nikalipasua kwa kisu cha kumenyea ndizi:
punje mbili zimelala uso kwa uso,
na kwenye moja, doa jeusi
kama nukta ya mtu aliyeanza kuandika akaghairi.

Nukta ile si yake.
Yeye ameshiba, ameondoka, hana habari.
Ni ya ukungu aliousafirisha mdomoni bila nauli,
kama unavyobeba kishonanguo kwenye pindo la suruali
hadi sebuleni kwa watu.
Mmoja alitaka utomvu. Mwingine alitaka mlango.
Hawakuketi kikao, hawakupeana mkono,
na punje imeoza.

Kaka yangu Ndelilio haamini nukta.
Anaamini bomba.
Mwaka juzi kutu iliposhika majani,
unga wa rangi ya chungwa uliobaki vidoleni hata ukila,
alikoroga mrututu na chokaa ndooni,
akapiga mti kwa mti mpaka kwenye masale ya mpaka.
Shamba zima likawa samawati.
Kuku wakawa samawati.
Kutu ikarudi nyuma, tukachinja.

Kisha wakaja wadudu gamba.
Wamebandikwa chini ya jani kama dengu zilizokwama sufuriani,
hawatembei, wananyonya tu, wanadondosha asali.
Sisimizi wakaifuata asali,
wakapanga zamu, wakamng'ata kila aliyesogea.
Na juu ya asali, masizi:
ukungu mwingine, mweusi, usiolila jani
bali unalifunika, likae kwenye mwanga bila kuuona.

Mkunde, binti wa Ndelilio, alirudi kutoka chuoni
na lenzi iliyofungwa kamba ya kiatu.
Akalala chali chini ya mkahawa, saa nzima.
“Baba, hapa palikuwa na weupe?
Kama vipande vya pamba, juu ya magamba?”
Palikuwepo. Tulidhani ni ugonjwa.
“Ulikuwa ugonjwa kweli,” akasema, “lakini wao ndio walioumwa.
Ukungu ule hula wadudu gamba,
na ukikuta kutu jirani, haiachi.
Mrututu haukuuliza nani ni nani.”

Ndelilio hakujibu.
Alichukua bomba, akalisuuza mara tatu,
akalitundika juu kuliko urefu wake.

Sasa ng'ambo ya masale kuna mkahawa wa Kirumbuyo,
haukupogolewa tangu alipohamia Tanga.
Miaka tisa tumeuita pori, tumeuita aibu,
tumewaonyesha watoto: msiwe hivi.
Jana nilivuka.
Kimatira wamejaa humo, sikatai, na chulebuni, na kutu.
Ila chini ya jani moja, juu ya magamba,
kulikuwa na pamba.

Nililikata na kikonyo chake.
Nikalibeba juu ya sahani iliyofunikwa sahani,
kama ndafu ya mgonjwa asiyetaka kuonekana akila.
Nikalifunga kwa ufumba wa mgomba
kwenye tawi letu jeusi kuliko yote.

Sijui kama litashika.
Mvua ya usiku ilikuwa nyembamba.
Asubuhi hii sisimizi wawili walikuwa wamesimama mbele yake,
pembe zao zinapapasa hewa,
wala hawakusogea.